Ubeti wa Tatu

Bi Wacława wa ghorofa ya chini alikuja Jumapili.
Kengele yetu ni taa: iliwaka mara mbili, ikazima.
Mdomo wake siuwezi kuusoma, una kasi ya cherehani,
kwa hiyo alileta karatasi:
*Bwana Ziemowit, unajua binti yako anasikiliza nini?*

Nilicheka. Swali la kumuuliza kiziwi hilo!
Kisha nikaona orodha iliyofuata,
nyimbo saba, na wa saba umenukuliwa ubeti wake wa tatu
kwa wino mwekundu. Nikaacha kucheka.

Mama Kalina anasikia. Lakini Mama Kalina
hukanda mikate kiwandani usiku kucha,
mchana hulala na pamba masikioni,
na hivyo katika nyumba hii, nambari kumi na tisa,
mlinzi wa masikio ni yule asiye nayo.

Muziki wa mwanangu mimi naujua kwa kijiko.
Akiwasha spika, kijiko hutetemeka kikombeni,
sakafu hunigonga nyayo, mapigo matatu na pumziko,
naye, miaka kumi na mmoja, hutikisa kichwa
kama anayekubaliana na mtu nisiyemwona.
Nani huyo? Anamwambia nini?

Wenye masikio husema sikio halilali na njaa.
Sijui. Langu limefunga tangu homa ya utotoni,
na futari haijafika.

Nikamwita. Nikamwambia kwa mikono: nitafsirie wa saba.
Akasimama mbele ya dirisha, theluji nyuma yake.
Mvua, akasema. Tramu ya mwisho. Msichana anangoja ujumbe,
simu yake imelala kifudifudi mezani.
Vizuri, kusema kweli. Vidole vyake vilikuwa vyepesi,
nikasahau nilimwitia nini.
Ubeti wa tatu, mkono ukasita hewani
kama mtu aliyesahau nambari ya mlango wake.
*Halafu wanacheza tu*, akamaliza haraka.

Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Ilikuwa na joto.

Nijuavyo mimi, na si mengi:
kule bweni la viziwi mwalimu alitukalisha
juu ya mikono yetu wenyewe, tuseme kwa midomo kama watu.
Mikono ikafa ganzi mchana. Usiku, chini ya blanketi,
tulishikana viganja na kusemezana gizani kwa kupapasa,
na huko ndiko nilikojifunza matusi yote
kabla sijaweza kuandika jina la baba yangu.
Marufuku haikuyazuia. Iliyazimia taa tu.

Lakini pia: nimefunga vitabu miaka ishirini na sita,
nimeshona sala na uchafu kwa uzi uleule,
sindano haichagui. Mimi si sindano.
Mimi ni baba.

*Rudia ubeti wa tatu*, nikamwambia. *Wote.*
Akaniangalia. Akaanza.
Katika lugha yetu hakuna pa kujificha:
kutaja mwili ni kuugusa wako,
na neno ambalo koo hulipitisha likiwa limefunikwa na ngoma
lilimkuta Kalina amesimama sebuleni na soksi zake za manjano,
akilibeba mwenyewe, mwangani, mbele ya baba yake.
Alifika nusu. Mikono ikaanguka.
*Kwa mikono ni baya zaidi*, akasema baadaye.
*Mimi hupenda mapigo tu.*
*Hata mimi*, nikajibu. Na ni kweli, Mungu anisamehe.

Sikuufuta wimbo. Sikuubariki.
Nyuma ya karatasi ya Bi Wacława niliandika:
*Sita nazijua. Ya saba bado tunaitafsiri.*
Nikaishusha, nikaipitisha chini ya mlango wake,
nisijue kama nimejibu au nimekimbia.

Jioni spika ikawaka. Mama yake alikuwa bado amelala.
*Punguza*, nikamwambia.
*Nimepunguza*, akasema, uso mkavu.
Kijiko kikasema hapana.